Boila za Kiriri na Umeme wa Jioni

Kiriri, mtaa wa juu wa Bujumbura, imeupa mlima mgongo na kuelekea magharibi. Mapaa yake yanatazama Ziwa Tanganyika na milima ya Uvira ng'ambo ya pili, na kuanzia adhuhuri hadi machweo hayana kivuli isipokuwa cha miembe. Ni mtaa wa nyumba kubwa: mabalozi, wafanyabiashara, mashirika, kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi, na hapo juu Vugizo, mahali alipozikwa Mwanamfalme Louis Rwagasore. Jua linapozama saa 12 jioni, baada ya kuyachoma mapaa hayo alasiri nzima, watu wa Kiriri huwasha boila za umeme ili waoge maji moto. Ni saa hiyohiyo ambapo watu wa mitaa ya Kamenge, Kinama na Buyenzi wanatafuta umeme wa taa, wa kuchajia simu, wa mashine ya kinyozi, na mara nyingi hawaupati.

Nina upande katika jambo hili na sitaki kuuficha. Naona boila ya umeme haifai kufungwa tena katika nyumba mpya ya Kiriri. Lakini nimesikia hoja za wanaopinga, na baadhi yake ni nzito kuliko tunavyopenda kukiri sisi tunaoshabikia jua. Kwa hiyo nimewaketisha baraza moja watu watano wa kubuni, ambao mkazi yeyote wa Bujumbura atawatambua: Mama mwenye nyumba, aliyerithi kwa baba yake, Mwalimu, mzee mstaafu aliyefundisha fizikia, Fundi wa mabomba kutoka Buyenzi, Kijana anayeuza paneli za umeme wa jua mjini, na Hadja, mpishi wa Buyenzi, shangazi yake Fundi. Nimewapa kila mmoja hoja kali kadiri nilivyoweza.

MAMA: Mimi nimezaliwa katika nyumba hii. Baba alifunga boila ya lita 100 hapo bafuni, na tumekuwa tukiibadilisha kipande kwa kipande mpaka leo. Maji yanatoka moto, watoto wanaoga, wageni wanaoga. Sasa naambiwa nitoe pesa, nitoboe paa, nipandishe mitambo juu. Kwa faida ya nani?

MWALIMU: Tuanze na hesabu, Mama, maana hesabu haina chama. Maji yanaingia kwako yakiwa na joto la nyuzi 24 hivi. Ukitaka lita 100 zifike nyuzi 55, unahitaji kilowati-saa 3.6. Hapo hakuna ujanja, ndivyo maji yalivyoumbwa. Ongeza joto linalopotea usiku kwenye tangi lililochakaa, unakaribia 5. Hiyo ni kila siku ya Mungu. Sasa angalia juu. Mita mbili za mraba za paa lako, siku ya kawaida, zinapokea kilowati-saa 9 au 10 za jua. Hita ikikamata nusu tu ya hizo, watu wako wameoga.

MAMA: Na Aprili, Mwalimu? Mvua ikishika siku tatu mfululizo?

MWALIMU: Aprili utapata maji ya uvuguvugu, na siku nyingine baridi. Sikudanganyi. Hita nyingi zina waya wa umeme wa akiba ndani ya tangi kwa ajili ya siku kama hizo. Tofauti ni kwamba utauwasha siku chache za mwaka badala ya siku zote.

HADJA: Mimi naomba kuuliza kabla hamjafika mbali. Huu mji una joto. Sisi Buyenzi tunaoga maji baridi na tuna afya. Maji ya moto ni ya mzazi, ya mtoto mchanga, ya mgonjwa, ya mzee mwenye mifupa inayouma. Lita 100 kila siku ni za nini?

Swali la Hadja lilistahili kuja la kwanza, na mara nyingi halijitokezi kabisa katika mikutano ya nishati. Bujumbura iko pembeni ya ziwa lililo kwenye kimo cha mita 770 na kitu. Hata usiku wa kiangazi si baridi ya milimani, kama Mugamba au Bukeye. Maji ya nyuzi 24 hayamuui mtu mzima mwenye afya. Nyumba ya Kiriri ikikubali kwamba bomba la moto ni la bafu moja badala ya manne, la jikoni liondolewe, na sahani zioshwe kwa maji baridi na sabuni, hita inayohitajika inapungua kabla ya kununua chochote.

MAMA: Hadja, mama yangu ana miaka themanini na kitu. Maji baridi alfajiri simpi.

HADJA: Huyo mpe, na Mungu akulipe. Mimi nasema wale vijana wanaosimama chini ya bomba nusu saa.

KIJANA: Mimi napinga kutoka upande mwingine. Hita ya jua ni teknolojia ya juzi. Inafanya kazi moja: maji. Mama, ukiwa na pesa ya kuweka kitu juu ya paa, weka paneli za umeme. Zitakupa taa, friji, intaneti, na zikibaki zichemshe maji. Bei za paneli zimeshuka sana miaka hii. Nani leo Kiriri anataka vioo na mabomba juani wakati REGIDESO, shirika la umeme na maji, ikikata umeme anabaki gizani, ameoga vizuri lakini haoni?

MWALIMU: Mwanangu, paneli yako inageuza sehemu moja kati ya tano ya jua kuwa umeme. Hita inachukua nusu au zaidi kuwa joto. Kwa maji, joto ndilo tunalolitaka. Kwa nini nipoteze jua kuligeuza umeme halafu nirudishe umeme kuwa joto?

KIJANA: Kwa sababu paa la Kiriri ni kubwa, Mwalimu, na jua ni bure. Hasara ya kitu cha bure si hasara.

MWALIMU: Jua ni bure, betri si bure. Watu wako wanaoga saa ngapi? Jioni na alfajiri. Boila ya kilowati 2 ukiiunganisha na betri za nyumba, itazimaliza kabla ya taarifa ya habari. Tangi la hita ya jua lenyewe ndilo betri: unalijaza joto mchana, unalitumia usiku, na halina kemikali ya kufa baada ya miaka michache.

Hapa Mwalimu yuko sahihi, na mfano upo nchini kwetu. Kituo cha umeme wa jua cha Mubuga, mkoani Gitega, kilichoanza kazi 2021, kina megawati 7.5. Ni kazi ya kujivunia, na mchana kinaipunguzia nchi mzigo. Lakini jua likizama, paneli za Mubuga nazo zimelala, na saa hiyo ndiyo boila za Kiriri zinaamka. Kijana naye yuko sahihi kwa jambo moja ambalo wauzaji wa hita hawapendi kulisikia: mwenye pesa ya kitu kimoja tu, na anayekatiwa umeme kila mara, ataanza na taa na friji. Simlaumu. Namwomba tu asiunganishe boila kwenye mfumo huo.

Sasa niseme umeme wenyewe unatoka wapi, maana bila hilo mjadala huu unabaki wa bafu la mtu mmoja. Rwegura, kwenye mto Kitenge, ilianza 1986 na ina megawati 18. Mugere, kusini ya mji, ni ya 1982 na ina megawati 8. Kutoka mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu, tunapata fungu letu. Ruzizi ya Pili ni mali ya pamoja ya Burundi, Rwanda na Kongo tangu 1989. Rusumo, megawati 80, tunagawana na Rwanda na Tanzania. Pengo linalobaki limekuwa likizibwa na jenereta za mazutu. Mazutu hununuliwa kwa dola, na dola hazitoshi. Kila aliyepanga foleni ya mafuta katika mji huu analijua hilo bila kuambiwa.

Chukua boila 1,000 za kilowati 2. Kiriri na mitaa inayofanana nayo, Rohero, Kinindo, Kigobe, hazishindwi kuzitoa. Zikiwaka pamoja jioni ni megawati 2, robo ya Mugere nzima. Robo ya kituo cha umeme kinachomwagika kwenye mifereji ya mabafu, saa ambayo mji mzima unakihitaji.

Na kuna jambo la majira ambalo kwangu ndilo kiini cha hoja yote. Umeme wetu ni wa maji. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua zinakatika, mito inapungua, na bwawa la Rwegura linashuka. Waliokuwa mjini mwanzoni mwa miaka ya 2010 wanakumbuka bwawa lilivyopungua na umeme ukagawanywa kwa zamu. Miezi hiyohiyo ndiyo anga ya Bujumbura haina wingu. Bwawa linapochoka, jua liko kazini; mvua zikirudi na kufunika jua, bwawa linajaa na waya wa akiba ndani ya hita unaweza kuwashwa bila kumnyima mtu. Ni mpangilio mzuri tuliopewa, na sisi tunaupuuza kwa sababu boila ya baba bado inafanya kazi.

MAMA: Umesema vizuri, lakini mimi naishi Kiriri, siishi Rwegura. Nyumba ya pili niliyo nayo pale chini nimeipangisha kwa shirika. Umeme wanalipa wao, wananunua kesh pawa yao, umeme wa kulipia kabla. Hita nikiifunga, gharama ni yangu na faida ni yao. Nieleze niifunge kwa nini.

KIJANA: Ongeza kodi kidogo, Mama. Watakubali; bili yao inashuka.

MAMA: Mkataba wao ni wa miaka miwili, na mwakani huenda wakahamia Gitega kama wengine. Nani ananihakikishia?

Hakuna anayemhakikishia. Nimetafuta jibu la hoja hii kwa upande wa hiari na sijalipata. Mwenye nyumba anayepangisha atachagua boila ya bei ndogo, na mpangaji wa muda mfupi atalipa umeme mkubwa, na wote wawili wametumia akili zao sawasawa. Anayeumia hayuko kwenye mkataba: ni yule wa Kinama aliyekaa gizani. Jambo la namna hiyo haliishi kwa kuwahubiria watu. Linahitaji kanuni.

Majirani wamejaribu. Kenya ilitoa kanuni 2012: jengo linalohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lifunge hita ya jua, na majengo yaliyokuwapo yakapewa miaka 5 kutii. Ilikuwa kanuni yenye meno kwenye karatasi. Utekelezaji ulisuasua, wamiliki wengi wakanung'unika juu ya gharama na ubora wa vifaa. Rwanda ilipita njia nyingine. Mpango wake wa SolaRwanda ulilenga hita 12,000, ukimpa mwenye nyumba ruzuku kidogo na mkopo. Mbali na hapa, Israeli iliandika sheria 1980 kwamba nyumba mpya za makazi ziwe na hita ya jua, na leo mapaa ya miji yao yamejaa matangi. Ni nadra kumkuta mtu anayebishana nayo, maana hakuna aliyelazimika kubomoa. Nyumba ilijengwa nayo.

HADJA: Hapo kwenye ruzuku ndipo nilipokuwa nangoja. Serikali itoe pesa kumsaidia mtu wa Kiriri kuoga maji moto? Mimi napikia watu kwa makaa. Gunia linapanda bei kila nikilinunua. Makaa yanatoka milimani, milima inabaki uchi, mvua ikija udongo unashuka kwetu. Februari 2014 mmesahau? Usiku mmoja tu, Gatunguru, Kinama na Kamenge zikajaa matope na maiti. Kama kuna faranga moja ya kutoa, ianze kwenye mbabula bora za wanaopikia makaa.

MAMA: Hadja, sijaomba ruzuku.

HADJA: Wewe hujaomba. Wataiomba wengine, tena wenye magari makubwa.

Niko pamoja na Hadja moja kwa moja. Mkopo wa nafuu au ruzuku kwa bafu la Kiriri ingekuwa kumpa mwenye shibe. Mtaa huu uwekewe sharti, usipewe zawadi. Kinachoweza kusamehewa ni ushuru wa forodha kwenye vifaa, kwa kuwa ushuru huo unamwangukia hata fundi anayetaka kutengeneza hita za bei ndogo kwa ajili ya Ngagara au Nyakabiga.

Tukifika kwa fundi, tumefika pahali ambapo mambo haya hufa au hupona. Nimewahi kuona juu ya mapaa ya mji huu hita zilizokufa: kioo kimepasuka, tangi limepata kutu, bomba limekatwa na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Mwenye nyumba akiulizwa anasema "hizo za jua hazifanyi kazi," na jirani yake anaamini. Kwa hiyo namwachia Fundi aseme kwa urefu.

FUNDI: Wakubwa zangu mmeongea megawati, mimi niongee bomba. Kwanza, mzunguko wa maji. Hita ya kawaida haina pampu. Maji yakipata joto kwenye bamba yanapanda yenyewe kwenda tangini, ya baridi yanashuka kushika nafasi yake. Ili yafanye hivyo, tangi lazima liwe juu ya bamba, mimi naacha sentimita 30 kutoka ukingo wa juu wa bamba hadi tako la tangi. Ukiliweka sawa au chini, mchana litafanya kazi, usiku maji yatazunguka kinyume na kupoa yote. Mteja anaamka na baridi, anamlaumu Mchina aliyeiunda hita.

MWALIMU: Na tangi la maji baridi?

FUNDI: Hilo ndilo la pili, Mwalimu. Kiriri maji hukatika, hasa nyumba za juu kabisa ambako msukumo ni mdogo. Kwa hiyo kila nyumba ina tangi la plastiki. Tangi hilo lazima liwe juu kuliko tangi la moto, la sivyo maji hayaingii. Nyumba nyingi zimeliweka chini, nyuma ya jiko, na pampu ya umeme. Umeme ukikatika hamna pampu, hamna maji, na hita ya jua haisaidii kitu. Ukitaka hita, anza kwa kupandisha tangi la baridi. Hiyo ni chuma, ni saruji, ni pesa, na muuzaji wa dukani hakuambii.

MAMA: Hapo ndipo ninapoogopea paa.

FUNDI: Uko sahihi, Mama. Tangi la lita 200 likijaa ni kilo 200 za maji pekee, bado chuma. Paa lako ni mbao za zamani. Mimi nilipanda wiki ile, mchwa wameshakula boriti mbili upande wa ziwa. Juu ya hizo siweki kitu. Ningejenga mnara mdogo wa chuma pembeni ya ukuta, au ningeweka juu ya zege la gereji.

KIJANA: Na zile za mirija ya kioo, kaka? Zinachemsha kuliko bamba.

FUNDI: Zinachemsha kweli, na hapo ndipo ubaya wake kwa mji huu. Maji yakikatika na mirija ikabaki mikavu juani, inapata moto mkali. Maji yakirudi ghafla, baridi inaingia kwenye kioo cha moto: paa! Umeshanunua mirija mingine. Kama mteja hana tangi la baridi la kuaminika, mimi namwambia achukue bamba bapa, hata kama maji yatakuwa na moto wa kiasi. Bamba linavumilia. Na kiangazi alifute vumbi. Vumbi la Julai likikaa kwenye kioo mwezi mzima, hita imefunikwa shuka.

MWALIMU: Na maji ya ziwa?

FUNDI: Ya tatu hiyo. Maji mengi ya mji yanatoka Tanganyika, na yana madini. Tazama birika lolote, lina ukoko mweupe ndani. Ukoko huohuo unaingia kwenye mirija myembamba ya bamba, na unaushika waya wa boila pia, Mama. Ndiyo sababu ule wako unabadilishwa kila mara. Tangi lina fimbo ya magnesiamu ndani, inaliwa na kutu badala ya tangi. Inabidi kuitazama na kuibadilisha ikiisha. Ni watu wangapi waliofungiwa hita wakaambiwa kuna fimbo? Hakuna. Tangi linatoboka, wanasema jua halifai.

Mwalimu aliongeza jambo la afya ambalo si la kupitwa: tangi lisikae siku nyingi kwenye uvuguvugu wa nyuzi 35 au 40, maana kuna bakteria wanaoupenda, na matone laini ya bafu yakawaingiza kifuani mwa mtu. Mvua zikiwa ndefu, waya wa akiba uwashwe mpaka maji yafike 60. Siku za jua kali kazi hiyo inafanywa na jua lenyewe.

Pampu za joto, zile mashine zinazovuta joto la hewa na kulitia majini, nilidhani zingechukua nafasi kubwa katika mjadala huu. Hazikuchukua. Kwa hewa yetu ya nyuzi 28 mchana zingefanya kazi vizuri sana, sehemu moja ya umeme ikileta sehemu tatu za joto. Lakini zina gesi na kompresa, zinahitaji fundi wa friji na vipuri vya kuagiza kwa dola, na zinabaki mateka wa umeme ambao haupo. Kwa hoteli kubwa yenye jenereta, labda. Kwa nyumba ya Kiriri, bado.

MAMA: Basi nisemeni ukweli. Mwaka huu sina pesa ya mnara wa chuma. Nifanye nini na boila ya baba?

FUNDI: Mama, hiyo tuiguse leo. Nikifungua kifuniko, nikute kirekebisha joto kiko 75 au 80. Nakishusha mpaka 60. Nasafisha ukoko kwenye waya. Tangi nalivika blanketi la sufi ya glasi, maana lile la ndani limekwisha, ukiligusa lina moto, na huo moto unaulipia. Bomba linalovuja pale bafu la wageni nalikaza.

KIJANA: Na saa ya kuzimia, bei yake si kubwa. Iwake saa 8 mchana kwa saa mbili, ijifunge. Jioni maji yapo, na wewe hujapanga foleni ya umeme.

MWALIMU: Hapo mwanangu umesema neno. Mchana Mubuga inazalisha. Boila ikiwaka saa 8, inakula jua la Gitega bila kupanda paa.

Hatua hii ndogo inanivutia kuliko nilivyotarajia wakati naanza kuandika. Kuhamisha saa ya boila kutoka jioni kwenda mchana hakumgharimu mwenye nyumba kitu cha kutajika, na kunaondoa sehemu kubwa ya kosa lenyewe. REGIDESO ingeweza kulisemea hilo redioni kesho, kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili. Haimalizi jambo, kwa sababu umeme bado unaliwa. Inatusaidia tu wakati tunangoja yaliyo makubwa.

HADJA: Mimi naweka sharti kabla sijanyanyuka. Tangu Mei 2006 kujifungua katika vituo vya serikali ni bure. Vizuri. Lakini mzazi akishajifungua, maji moto yanatoka wapi? Jamaa zake wanakuja na chupa ya moto kutoka nyumbani, yamechemshwa kwa makaa. Kama mnataka kuwafundisha vijana wa Buyenzi kufunga hizo hita, wafundishieni kwenye kituo cha afya, wodi ya wazazi. Wakikosea wasahihishwe hapo, wakijua ndiyo waje Kiriri kutengeneza pesa.

FUNDI: Hadja, gereji za Buyenzi zina watu wanaochomelea injini ikawa mpya. Bamba la hita ni bomba la shaba, bati jeusi, kioo na sanduku lenye sufi. Kinachotushinda ni shaba, haipatikani, na aliyenayo anaiuza bei ya dhahabu.

MAMA: Nina nyumba ndogo ya uani naanza kuijenga mwezi ujao, ya mama na muuguzi wake. Hiyo paa lake ni zege. Fundi, hiyo unaweza?

FUNDI: Hiyo naweza. Ila nipe mabomba yapite ukutani kabla hawajapiga lipu. La moto na la baridi, yapande mpaka juu, hata kama hita utainunua baada ya miaka miwili. Kutoboa ukuta uliokwisha ni mara tatu ya gharama.

Ombi hilo la Fundi ndilo ningependa liingizwe katika kibali cha ujenzi mjini Bujumbura, na liwe fupi: nyumba yoyote mpya yenye bomba la maji moto ipitishe mabomba mawili hadi paani na iache sehemu ya paa inayobeba kilo 300, na tangi la maji baridi liwekwe juu kuliko hita. Ikifungwa hita, iwe na waya wa akiba wenye saa. Boila ya umeme peke yake isipewe kibali tena Kiriri, Rohero, Kinindo na Kigobe, mitaa yenye uwezo. Nyumba za zamani ziachwe mpaka boila zao zife zenyewe, jambo ambalo halitachukua muda mrefu kwa maji haya ya ziwa. Na ada ya kibali, ile inayolipwa na anayejenga Kiriri, itoe fungu la kununua shaba kwa ajili ya wodi ya kwanza ya wazazi, Buyenzi, kama alivyotaka Hadja.